Kuhifadhi mbegu za beberu nje ya mwili: mwongozo kwa wahimilishaji wa Unguja na Pemba

Mbegu za beberu hazifi kwa kuwa zimetoka mwilini. Zinakufa kwa kupigwa na jua, kwa kushtushwa na baridi, kwa tone la maji ya bomba, kwa sabuni iliyobaki kwenye tyubu, au kwa kukaa kwenye joto zikila sukari mpaka zinyongwe na asidi ziliyoitoa zenyewe. Yote hayo yanazuilika, na vitu vingi vya kuyazuia vinapatikana soko la Darajani na kwenye maduka ya dawa.

Mwongozo huu ni wa mhimilishaji, yaani anayepandikiza mbegu kwa mkono, mwanafunzi wa kilimo wa Kizimbani, au mfugaji aliyejipanga mwenye hadubini na friji ya kuaminika, anayetaka kuchukua shahawa asubuhi na kuzitumia jioni au kesho yake. Nimechagua mbuzi kwa makusudi. Vitabu vingi vinaeleza ng'ombe, na mtu akichukua kipimo cha ng'ombe akakitia kwa mbuzi, anaua mbegu kwa mkono wake bila kujua alichokosea.

Sharti moja kabla ya yote: beberu apimwe na daktari wa mifugo, hasa ugonjwa wa brusela. Dume mgonjwa akipanda kwa kawaida ataambukiza majike anaowafikia. Shahawa zake zikigawanywa kwenye tyubu zitaambukiza hata asiowafikia, na antibiotiki tutakazotia kwenye mchanganyiko hazikuwekwa kwa kazi hiyo.

Amua kwanza unataka saa ngapi

Wengi wakisikia kuhifadhi mbegu wanawaza mtungi wa nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi una kazi yake. Mbegu za fahali wa maziwa kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji kule Usa River, Arusha, haziwezi kukaa miezi bila huo. Lakini kugandisha kunaua sehemu kubwa ya mbegu hata mikononi mwa mafundi, na mtungi unadai kujazwa kila baada ya muda. Unguja ina urefu wa kama kilomita 85 tu. Beberu akiwa Mwera na jike akiwa Nungwi au Makunduchi, hiyo ni safari ya asubuhi moja. Pemba nayo, kutoka Mkoani mpaka Konde, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa masafa hayo shahawa zilizopozwa vizuri zinatosha kabisa, na mimi simshauri mtu aguse nitrojeni kabla hajajua kupoza.

Basi lengo letu ni hili: nyuzi 5 za Selsiasi, saa 12, zikizidi sana saa 24. Chini ya hadubini utaona mbegu zinaogelea hata siku ya pili na ya tatu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Uwezo wa kutia mimba unaondoka mapema kuliko uwezo wa kuogelea. Tyubu ya siku tatu inayotikisika vizuri kwenye kioo inaweza kukurudishia mbuzi wote wakiwa watupu, na mwenye mbuzi atakulaumu wewe, hatailaumu tyubu.

Maji na vyombo

Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na ya bomba yanaweza kuwa na klorini. Yote mawili hayafai. Nunua maji ya kuchanganyia sindano, yale ya vichupa vidogo, kwenye duka la dawa. Ni ghali kidogo lakini unatumia mililita mia moja tu. Kuna wanaotumia maji ya betri. Mimi sipendi, kwa sababu madukani chupa ya maji safi ya betri na chupa ya asidi ya betri hukaa rafu moja, na akili ya muuza duka haiko kwenye mbegu zako.

Vyombo viwe vya kioo. Vioshe, kisha suuza mpaka uchoke, na suuzo la mwisho liwe la maji safi ya duka la dawa. Viokwe kwenye oveni au vichemshwe, vikauke kabisa, vifunikwe mdomo kwa foili. Hilo la kukauka lina uzito wake. Tone moja la maji likibaki ndani ya tyubu, mbegu zinayanywa na kuvimba, mkia unajikunja, na mbegu inabaki kuzunguka pale pale haiendi mbele. Ukiona mikia mingi imejikunja kwenye kioo cha hadubini, usimlaumu beberu kabla hujakagua vyombo.

Angalia pia mpira. Kile kizibo cheusi ndani ya bomba la sindano, na glovu zenye unga, vinaweza kuziua mbegu taratibu. Tafuta mabomba ya plastiki tupu yasiyo na kizibo cha mpira. Ukiyakosa, nyonya na utoe papo hapo. Shahawa zisilale ndani yake.

Mchanganyiko wenyewe

Mbegu ya kiume imevuliwa karibu kila kitu. Haina akiba ya maana ya chakula wala njia ya kujitibu ikiumia, na utando wake ni mwembamba. Kwa hiyo mchanganyiko unatakiwa uipe sukari, uinywe asidi inayotoka sukari hiyo ikitumika, uwe na uzito wa chumvi unaolingana na wa mwili ili mbegu zisivimbe wala zisisinyae, uzuie bakteria, na uulinde utando baridi inapoingia. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowasumbua watu zamani, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930 ilipogundulika Marekani kwamba kiini cha yai kinaiweza. Maziwa nayo yanaiweza.

Mchanganyiko wa maziwa ndio wa kuanzia. Pima gramu 10 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yeyusha kwenye mililita 100 za maji safi. Soma pakiti vizuri: unga mwingi wa bei rahisi umetiwa mafuta ya mimea badala ya yale yaliyotolewa, na huo haufai. Weka chupa ya maziwa ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko, kipimajoto kikiwa ndani ya maziwa na si ndani ya maji ya sufuria. Yakifika nyuzi 92 mpaka 95, yashikilie hapo dakika 10, yasichemke. Maziwa mabichi yana protini inayoua mbegu, na ni joto hilo linaloivunja. Yapoze, toa utando wa juu, chuja kwa karatasi ya kuchujia au kitambaa safi kilichochemshwa, na uyatumie siku hiyo hiyo.

Mchanganyiko wa pili ni wa trisi, unga wa maabara unaonywa asidi, na kiini cha yai, kwa mwenye mizani ya kupima sehemu za gramu. Trisi gramu 3.63, asidi ya sitriki yenye maji ndani yake gramu 1.99, glukosi gramu 0.50, kiini cha yai mililita 2 mpaka 2.5, kisha jaza maji mpaka mililita 100. Karatasi ya pH, ile inayopima uchachu, isome karibu na 7.

Fundi wa ng'ombe akiona mililita 2 za kiini atadhani ni kosa la uchapaji, maana yeye amezoea 20. Si kosa. Beberu ana tezi mbili ndogo karibu na mrija wa mkojo zinazotoa kimeng'enya kinachogandisha kiini cha yai. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1957. Kimeng'enya hicho hukata lesithini, aina ya mafuta iliyo ndani ya kiini, na kipande kinachobaki ni sumu inayotoboa utando wa mbegu. Kiini kingi, sumu nyingi. Tezi hizo hizo zina kingine kinachoshughulika na mafuta ya maziwa, na ndiyo sababu tumesisitiza unga usio na mafuta. Maabara zenye mashine ya kuzungusha tyubu huziosha shahawa kwanza, wakamwaga maji yake, kisha wakatumia kiini kingi watakacho. Inafanya kazi, ila kila mzunguko unavunja mbegu kadhaa. Kwa hifadhi ya siku moja sioni faida yake.

Kiini chenyewe kinatolewa hivi. Yai liwe la siku hiyo au jana yake. Futa ganda kwa spiriti, liache likauke. Lipasue, hamisha kiini kutoka nusu moja ya ganda kwenda nyingine mpaka ute mwingi udondoke. Kiweke juu ya karatasi ya kuchujia, kisha inua upande mmoja wa karatasi ili kiini kibingirike taratibu kuelekea upande wa pili. Utaona ute uliobaki unanasa kwenye karatasi na kiini kinabaki kinang'aa, kikavu. Hapo kichome kwa ncha ya bomba la sindano na unyonye ndani, ukiacha ngozi yake kwenye karatasi. Ngozi ikiingia, kila tone utakaloliangalia kwenye hadubini litakuwa na takataka, na hutajua ipi ni mbegu iliyokufa na upi ni uchafu.

Antibiotiki zinaingia mwisho, mchanganyiko ukiwa umepoa. Chukua kichupa cha penisilini ya unga ya yuniti 1,000,000, yeyusha kwa mililita 10 za maji ya sindano, tia mililita 1 kwenye mililita 100 za mchanganyiko. Chukua streptomaisini ya unga ya gramu 1, yeyusha vivyo hivyo kwa mililita 10, tia mililita 1. Kila mililita ya mchanganyiko itakuwa na yuniti 1,000 za penisilini na miligramu 1 ya streptomaisini. Ile dawa nyeupe nzito ya pamoja tunayochomea ng'ombe, ambayo ni lazima uitikise kabla ya kuivuta, usiitumie; imeundwa ikae ndani ya nyama na ina viungo vingine visivyotakiwa hapa.

Kuchukua shahawa

Hapa napita haraka, kwa sababu kutumia uke wa bandia kunafundishwa kwa mikono, si kwa maandishi. Joto la ndani liwe nyuzi 40 mpaka 42 beberu anapopanda, na tyubu ya kupokelea iwe imepashwa na kufunikwa isipigwe na jua. Fanya kazi asubuhi mapema, kivulini. Wakati wa kaskazi, joto la mchana linamwathiri beberu na si tyubu peke yake, na madhara yake huonekana baadaye: mbegu moja inachukua takriban wiki saba kutengenezwa. Beberu aliyechomwa na jua la Januari anaweza kutoa shahawa mbaya Machi, mvua zikikaribia na wewe ukishangaa.

Mara baada ya kutoka, tyubu iingie kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 30 mpaka 35. Mchanganyiko wako uwe tayari kwenye maji hayo hayo tangu mwanzo, ili viwili hivyo vikutane vikiwa na joto moja.

Kuangalia na kuhesabu

Beberu hutoa kidogo, kati ya nusu mililita na mililita moja na nusu, lakini nzito, rangi ya krimu. Nyeupe ya majimaji ni dalili ya mbegu chache. Rangi ya waridi ni damu. Njano yenye harufu ni mkojo. Hizo mbili za mwisho mwaga, usihangaike.

Weka tone kwenye kioo kilichopashwa nyuzi 37. Bila kifuniko, tone zuri linaonekana likichemka kwa mawimbi. Kisha changanya tone dogo na mchanganyiko, funika kwa kioo chembamba, ukadirie ni ngapi katika kila mia zinakwenda mbele. Chini ya 70 usihifadhi. Unaweza kuzitumia hapo hapo kwa jike lililo tayari, lakini kuziweka ni kupoteza barafu. Mbegu zilizokufa nazo si abiria wa bure tu. Kwa ng'ombe na kondoo imeonekana kwamba zinaachia kimeng'enya ambacho, kikikutana na protini zilizovunjika za kiini, kinazaa haidrojeni peroksaidi, na hiyo inaua zilizo hai.

Mwenye kioo cha kuhesabia seli za damu ahesabu. Tia mililita 0.1 ya shahawa kwenye mililita 19.9 za maji ya chumvi yenye fomalini kidogo ya kuziua zisitembee. Jaza kioo, hesabu vichwa kwenye miraba mitano kati ya ile 25 ya katikati, zidisha kwa milioni 10. Ukihesabu 300, una bilioni 3 kwa kila mililita.

Hesabu ya kugawa ni nyepesi. Tuseme umepata mililita 1 yenye bilioni 3, na 80 kati ya kila mia zinatembea: hai ni bilioni 2.4. Jike mmoja mpe milioni 200. Una dozi 12. Kila dozi ikiwa nusu mililita, jumla ni mililita 6, kwa hiyo ongeza mililita 5 za mchanganyiko. Asiye na kioo cha kuhesabia abaki kwenye sehemu moja ya shahawa kwa nne au tano za mchanganyiko. Atapoteza dozi chache lakini hatauza maji.

Kuchanganya, mimina mchanganyiko ndani ya shahawa, usifanye kinyume chake. Anza na kiasi sawa, subiri dakika mbili tatu, kisha mimina kilichobaki kwa kuteremsha ukutani mwa tyubu. Geuza tyubu polepole mara mbili. Usitikise. Jaza tyubu ndogo ndogo mpaka karibu na mdomo, maana hewa ikiwa chache mbegu zinajichosha kidogo, na kila jike apate tyubu yake ili usifungue moja mara tano njiani.

Kupoza

Kazi nyingi hufa hapa. Nyuzi 5 haziwaui mbegu. Kinachoua ni kuzifikia ghafla. Utando wa mbegu una mafuta, na mafuta yale, kati ya nyuzi 20 na 5, yanaacha kuwa laini yanaanza kuganda. Yakiganda pole pole, kiini cha yai au protini za maziwa zinawahi kuushikilia utando. Yakiganda kwa mpigo, utando unapasuka na mbegu inakufa ikizunguka kinyumenyume. Lengo ni kushuka kama robo ya nyuzi kwa dakika, yaani kutoka 30 mpaka 5 ndani ya saa moja na nusu hivi, au mbili. Ikichukua zaidi kidogo si hasara kubwa.

Huhitaji mashine. Chukua kikombe cha kioo au bilauri, tia robo lita ya maji ya nyuzi 30, simamisha tyubu zako ndani, maji yafikie usawa wa shahawa. Weka yote kwenye friji, rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma na mbali na chumba cha barafu. Maji yale yanalipunguza kasi joto linapotoka, na tyubu zinashuka pamoja nayo.

Kabla ya kuweka shahawa za kweli, fanya jaribio kwa tyubu ya maziwa matupu yenye kipimajoto ndani. Andika joto kila dakika kumi. Limeshuka haraka mno, ongeza maji kwenye bilauri. Linaburura saa nne, punguza. Kila friji ina tabia yake, na ile iliyojaa samaki wa chakula cha mchana haina tabia kabisa: inafunguliwa kila saa, joto linapanda na kushuka. Friji ya mbegu iwe ya mbegu.

Umeme ni suala letu visiwani. Unguja inautegemea waya uliopita chini ya bahari, na waliokuwepo hawajasahau kukatika kwa Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Kukatika kwa saa mbili tatu kusikutishe ukijiandaa. Jaza nafasi tupu za friji kwa chupa za maji. Zikishapoa zinashikilia ubaridi muda mrefu kuliko hewa. Umeme ukienda, usifungue mlango kwenda kuangalia. Ukirudi, soma kipimajoto: ikiwa joto halijavuka nyuzi 8 endelea, likivuka hapo angalia tone kwenye hadubini kabla ya kuamua. Shahawa zilizopanda joto zikapozwa tena zimepita njia ile ya hatari mara mbili.

Wapo watakaokwambia kuna njia ya kuhifadhi bila friji. Ni kweli, New Zealand wanatumia mchanganyiko uitwao Caprogen kwa ng'ombe, unaokaa kwenye joto la chumba kwa siku kadhaa. Chumba chao ni cha nyuzi 18 mpaka 24. Chetu Februari kinapita 30 mchana.

Kwenye deli

Wachanjaji wa spitali wanajua jambo ambalo wahimilishaji wengi hawalijui: barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza iko chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, na chochote kinachoigusa kinaganda. Wao huziacha pakiti za barafu nje mpaka zitoe jasho na, ukizitikisa, usikie maji yakigonga ndani. Fanya hivyo. Kisha pakiti mbili ubavuni mwa deli, lile sanduku la kubebea vitu vya baridi, kitambaa kikavu kilichokunjwa katikati, na tyubu zikae ndani ya chupa pana yenye maji yaliyokwisha poa kwenye friji, nyuzi 5 tayari. Zisiguse barafu. Kipimajoto kilale pembeni yake. Chupa ya chai yenye mdomo mpana nayo inafanya kazi nzuri kwa safari fupi.

Deli lisikae juu ya pikipiki bila kufungwa kwenye kitu laini. Barabara ya kokoto ni mtikiso wa saa nzima, na mbegu haziupendi. Kwa boti ya kwenda Pemba, kaa nalo miguuni, kivulini. Usilikabidhi kwa wachukuzi wa mizigo waliweke kwenye sitaha.

Ukifika, tone la kwanza ni la hadubini, si la mbuzi. Geuza tyubu taratibu, maana mbegu zinakuwa zimezama chini, chukua tone, lipashe kwenye kioo cha nyuzi 37 kwa dakika moja au mbili ndipo uangalie. Kwenye baridi zinalala, utadhani zimekufa. Zikiwa chini ya 50 kwa mia, rudi nyumbani. Zikiwa sawa, mhimilishe jike takriban saa 12 baada ya kuanza dalili za joto, yaani za kutaka dume, ukitoa tyubu moja moja. Iliyotolewa isirudi kwenye deli.

Kwa ng'ombe, kwa kifupi

Tangu mbung'o alipomalizwa Unguja katikati ya miaka ya 1990, kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa yaliyofugwa Tanga, njia ya ng'ombe chotara wa maziwa ilifunguka, na wengi wenu mnafanya kazi huko. Hatua ni zile zile, tofauti ni chache. Trisi gramu 2.42, asidi ya sitriki 1.34, fruktosi gramu 1.0, kiini cha yai mililita 20, maji mpaka 100. Shahawa za fahali ni nyingi zaidi, mililita 4 mpaka 8 kwa kawaida, lakini nyepesi, bilioni moja hivi kwa mililita. Fahali hana kile kimeng'enya cha beberu, ndiyo maana kiini kingi hakimdhuru. Gliserini, iliyofungua mlango wa kugandisha mwaka 1949 Uingereza, haina kazi kwenye shahawa za nyuzi 5. Usiitie kwa kuwa umeiona kwenye kitabu.

Na dafu?

Swali hili haliepukiki hapa kwetu. Jibu ni kwamba watu wamelijaribu kwa dhati, hasa jimbo la Ceará kaskazini mashariki mwa Brazil, nchi ya minazi na mbuzi kama hii yetu. Kipimo chao: nusu maji ya dafu, robo maji safi, robo myeyusho wa sitreti ya sodiamu wa gramu 5 kwa mililita 100. Sitreti inaingia kwa sababu dafu tupu ni chachu, pH yake ni kama 5, na mbegu hazitaki hivyo. Chuja, pima pH ifike karibu na 7, tia antibiotiki zile zile.

Tatizo la dafu ni kwamba hakuna madafu mawili yaliyo sawa. Changa sana lina chumvi na sukari tofauti na lililoanza kufanya nyama, na mnazi wa pwani si sawa na wa bonde. Anayetaka kulijaribu achague dafu la umri mmoja kutoka mnazi mmoja, agawe shahawa za beberu mmoja mara mbili, nusu kwenye maziwa na nusu kwenye dafu, azipoze bilauri moja, aziangalie baada ya saa 6, 12 na 24, aandike kwenye daftari. Daftari likisema dafu linakwenda sambamba na maziwa kwa muda mrefu, hapo ndipo unaweza kufikiria mbuzi. Na kabla ya kumhimilisha mbuzi wa mtu kwa dafu, mwambie mwenyewe wazi. Akikubali, mpe jike mmoja wa dafu na waliobaki wa maziwa. Akikataa, wote wapate maziwa.